Mafuta Yatulie Kwanza

Kituo cha Mafuta, Njia Panda
4 Februari

Mwanangu Maswali,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na hujakonda, maana baba yako alipita hapa wiki jana akasema kwenye picha uliyomtumia umebaki macho na kofia ya kiwandani. Yeye ni mzima, goti tu linamsumbua, na kaka yangu huyo kwa kulalamika hajambo. Paka amezaa tena nyuma ya mapipa. Simu huku ni ile ile ya kupanda ngazi ndipo upate mtandao, na mimi na ngazi tulishaachana, kwa hiyo tuendelee na barua zetu.

Sasa habari ya dizeli. Mwanangu, watu wamepagawa. Zamani wateja wangu wa dizeli walikuwa mwenye trekta na basi la asubuhi, basi. Siku hizi kuna mashine tatu za kusaga, jenereta ya zahanati, jenereta ya mnara wa simu, malori ya kokoto, na kila seremala mwenye randa ya umeme amenunua jenereta yake ili asichekwe na mwenzake. Foleni ya madumu inaanzia pampuni inaishia kwa kinyozi. Lori likija, kwa siku mbili tangi tupu, halafu tunakaa mwezi mzima tukitazamana. Juzi msagaji mmoja aliniita mheshimiwa ili nimwekee dumu moja pembeni. Nikamwambia hata ukiniita malkia, tupu ni tupu.

Kwa hiyo nauliza kwa niaba ya wananchi: huo mtambo mpya mnaoujenga huko utakamilika lini? Malori yataongezeka? Yatakuja kila wiki? Ni wananchi wanaouliza.

Barua hii anakuletea Polepole, dereva wa lori letu. Ni mtu mwenye adabu. Sina la ziada kuhusu yeye. Akichelewa usimlaumu, hapa kwangu kuna kanuni: lori likishamwaga mafuta kwenye tangi la chini, hakuna kupima wala kusaini mpaka mafuta yatulie, na kutulia kwake ni mpaka alasiri. Dereva hana budi kusubiri. Nampa pa kukaa, nampa chai, yamekwisha. Ni utaratibu wa kazi.

Shangazi yako


Kiwandani
11 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nyingine ya akiba. Barua yako nilikabidhiwa getini na Polepole mwenyewe. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya gazeti, ndani ya shati safi. Hata vyeti vyangu sijawahi kuvitunza hivyo. Mimi ni mzima, nakula, sijakonda. Ile kofia ndiyo kubwa, wametupa saizi moja wote. Mwambie baba alichue goti na asidanganye watu kwamba anafanya mazoezi.

Shangazi, mtambo umesimama. Sijui nianzie wapi. Asubuhi unang'aa mpaka unaumiza macho, na mimi ni mmoja wa watakaouwasha. Siku tuliyojaribu kupitisha maji, tumekaa kwenye chumba cha mitambo tunasikia mabomba yanaitikia moja baada ya jingine, kuna mtu mzima alicheza kwenye kiti chenye magurudumu mpaka akagonga kabati. Mtu mzima huyo ni mimi.

Nikueleze kidogo, uwaambie wananchi wako. Mafuta ghafi tunayapasha moto, yanapanda mnarani, petroli inatokea juu, dizeli katikati, na yale mazito yanabaki chini. Zamani hayo mazito tuliyauza kwa bei ya huruma. Huu mtambo mpya unayavunja na kutoa dizeli nyingine humo humo. Ni kama kukamua shuka ulilodhani limeshakauka, ukajaza ndoo. Nchi nzima inalia dizeli, na sisi tumekaa juu ya ndoo.

Ila nina swali, si unanijua. Hiyo kanuni ya mafuta kutulia mpaka alasiri uliitoa wapi? Dizeli ikishamwagwa, nusu saa inatosha kabisa. Povu linakatika, unatumbukiza fimbo ya kupimia, unasaini, dereva anaondoka. Meneja wa safari ameanza kuuliza kwa nini lori moja linapotelea kwenye kituo kimoja siku nzima. Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi Maswali wako


Kituo cha Mafuta
16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Goti la baba yako limehamia mguu wa pili. Watoto wa paka wanne, mmoja ana sura ya mwenye trekta.

Kuhusu nusu saa, nimesoma. Ninyi mna dizeli ya kwenye kompyuta, sisi tuna ya kwenye tangi. Tangi letu ni la zamani, marehemu mume wangu ndiye aliyelichimbia, na lina tabia zake. Haraka haraka haina baraka. Tafadhali suala hilo tulifunge.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Lile benchi la kituoni lililokuwa likimwangusha kila mtu limetengenezwa. Limetengenezwa tu. Nimelisogeza kivulini kwa sababu ya jua. Nimenunua pia kikombe kikubwa cha bluu kwa ajili ya wateja. Kila mteja anaruhusiwa kukitumia, ingawa mpaka sasa aliyekitumia ni mmoja. Msichana wangu wa pampu alikichukua juzi kunywea maji, nikamwambia kina ufa. Hakina ufa.

Vile vile nimejifunza kwamba ukiendesha lori lenye mafuta, kona unaanza kuipunguzia mwendo kabla hujaifikia, maana mafuta huko nyuma hayana habari kwamba kuna kona. Ni jambo la maana sana kulijua. Sikumbuki nani aliniambia.

Utaona mambo mengine nimeyapitia juu juu. Ni kwa sababu mbeba barua amekaa hapa kwenye benchi, na mimi mwandiko wangu ni mkubwa.

Mtambo lini?

Shangazi yako


Kiwandani
20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Si kwenye ngazi, kwenye benchi.

Imetoka. Dizeli ya mtambo mpya imetoka, na aliyefungua vali ya mwisho ni mtoto wa kaka yako. Mkuu wetu wa maabara, tunamwita Mama Maabara, aliinua chupa ya kwanza kuelekea dirishani. Dizeli ilikuwa angavu kama chai ya mgonjwa. Mama huyo hajacheka tangu niajiriwe, na siku hiyo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Watu walikumbatiana wakiwa na mavazi ya kazi yenye grisi. Mimi nilimkumbatia mlinzi wa geti, naye hakujua sababu lakini hakukataa. Bado ni majaribio, wageni wakubwa watakuja baadaye kukata utepe, ila vipimo vyote imepita na malori yameshaanza kuipakia.

Na wewe sikukusahau. Kwenye kikao cha safari nilinyoosha mkono nikasema kituo cha shangazi yangu kinahitaji dizeli kila wiki, na hakuna haja ya lori kushinda huko, nusu saa inatosha. Walinipigia makofi. Kuanzia wiki ijayo utaletewa na lori jipya lenye tangi kubwa mara mbili. Dereva wake tunamwita Chapuchapu: anashusha, anapima, anasaini, ameshapotea. Polepole wamempeleka njia ya machimbo ya makaa, upande mwingine kabisa. Alipoambiwa alisimama mbele ya ubao wa ratiba muda mrefu, nadhani kwa furaha. Amenituma nikusalimie.

Utanishukuru baadaye. Nakuona kabisa unavyocheka.

Ni mimi, mfungua vali


Kituo cha Mafuta
9 Juni

Maswali,

Marahaba. Wote wazima.

Dizeli imefika, nyingi. Wiki iliyofuata imefika tena, nyingi. Wananchi wanafurahi. Chapuchapu ni hodari, hata injini hazimi. Nilimkaribisha chai akasema atakunywa njiani, sijui atainywea kwenye nini.

Benchi lipo.

Shangazi yako


Kiwandani
8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini baba hajambo na magoti yake yote. Sisi huku afya tunayo, usingizi ndio hatuna.

Kuna barua ya malalamiko imefika kwa Mama Maabara. Ina muhuri na imeandikwa kwa wino mwekundu. Inasema dizeli ya mtambo mpya haitulii. Inamwagwa asubuhi, na mpaka jioni bado inahangaika ndani ya tangi, inatoa mlio wa kusikitisha na haina raha. Mlalamikaji anashauri kwamba huenda ni kwa sababu ya kuletwa haraka haraka, na kwamba dereva wa zamani, ambaye mlalamikaji hamkumbuki vizuri, ila anavaa kofia ya kijivu na hutumia sukari vijiko viwili, hakuwahi kuleta dizeli ya namna hiyo.

Mama Maabara ameitikisa dizeli yangu kwenye kila chupa aliyonayo. Ameichemsha, ameigandisha, ameisikiliza kwa sikio. Hapati kitu, na asipopata kitu ndipo anaogopa zaidi. Amezuia mafuta ya mtambo mpya yasipakiwe. Wageni wa utepe wameambiwa wasubiri. Malori yanagombea mafuta ya mtambo wa zamani, foleni imefika barabara kuu. Na mimi niliyecheza kwenye kiti, nimekalishwa kwenye kiti hicho hicho nikiulizwa niliacha vali gani wazi. Wakiamua kosa ni langu, nitatolewa kwenye chumba cha mitambo, na kurudi humo si rahisi.

Shangazi, muhuri ni wa kituo chako. Mwandiko ni mkubwa.

Halafu leo nimekutana na Polepole getini. Aliniuliza kama lile benchi bado liko kivulini. Nikasema sijui. Akaenda mpaka kwenye lori lake, akarudi, akauliza kama kikombe hakijavunjika. Mimi kazi yangu ni kuona shinikizo linapanda kabla halijapasua kitu, na hili la nyumbani kwetu lilipanda mbele ya macho yangu tangu Februari. Nilisimama pale mdomo wazi kama mlango wa ghala.

Niambie ukweli.

Maswali


Kituo cha Mafuta
17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo na hajui lolote, na aendelee hivyo hivyo. Barua hii anakuletea Chapuchapu, kwa hiyo nitaandika kila kitu. Yule hata ukimpa barua iliyo wazi, hana muda wa kuisoma.

Ni kweli, niliandika mimi. Nampenda. Haya, neno lenyewe hilo hapo, limeandikwa, na paa la kituo halijaanguka.

Tangu nifiwe, watu wananijia wakitaka mafuta. Huyu alikuja akiwa nayo. Alishusha, akatazama benchi lililovunjika, akatikisa kichwa. Safari moja baadaye alikuja na nyundo. Siku ile ya kwanza alikuwa ameshawasha injini aende zake, na mdomo wangu ukasema wenyewe, bila kuniomba ruhusa: hapana, mafuta lazima yatulie kwanza. Akazima injini. Nikaona kumbe inawezekana. Safari ya pili nikaongeza kidogo, ya tatu nikaongeza tena, mpaka tukafika alasiri. Yeye si msemaji, lakini akisema unapata kitu cha kuchekea wiki nzima. Wewe ulidhani naulizia mtambo kwa ajili ya wasagaji? Nilikuwa napiga hesabu zangu: malori yakija kila wiki, naye atakuja kila wiki. Ukaniletea dizeli, ukamwondoa mwenye kuileta.

Mwanamke wa umri wangu, mwanangu. Nacheka peke yangu pampuni mpaka wateja wanaangalia nguo zao. Ule wino mwekundu niliuona ni akili kubwa. Sikujua ungekusimamishia mtambo, na hilo limeniuma. Nimekuona ukifungua redio za watu tangu hujaota meno ya pili. Siwezi kuivunja kazi yako kwa ajili ya chai.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya kuondoa malalamiko. Nimesema dizeli ni nzuri, imetulia, aliyekosea ni mimi. Mpe Mama Maabara. Sababu usiitaje. Na kwa yule bwana usiseme kitu. Huenda alikaa kwa sababu ya kanuni, si kwa sababu yangu, na hilo sitaki kulisikia kwa masikio yangu.

Shangazi yako


Kiwandani
2 Agosti

Shangazi yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako chooni, ndani ya kantini, na juu ya ngazi ya mnara. Mara zote nimecheka, na mara ya ngazi nimelia kidogo pia, lakini upepo ulikuwa mkali.

Barua ya kuondoa malalamiko nilimpa Mama Maabara. Akaisoma mara mbili. Akasema malalamiko ya mafuta hayafutwi kwa wino. Kanuni ya kiwanda ni kwamba tangi likishalalamikiwa, lazima shahidi akakae nalo kutwa nzima, aone kwa macho yake, aandike ripoti. Kisha akatuuliza nani ana subira ya kukaa na dizeli kutwa nzima. Watu wote wakatazama dari. Nikanyoosha mkono.

"Yuko dereva mmoja," nikasema. "Ameshazoea."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwenye kofia ya kijivu?"

"Ndiye."

"Sukari vijiko viwili?"

"Ndiye, mama."

Akaandika jina lake kwenye karatasi, na ule upande wa pili wa mdomo, ambao tulidhani haufanyi kazi, ukatabasamu. Sababu sikuitaja. Hakuniuliza.

Kwa hiyo Jumanne Chapuchapu atashusha, na Polepole atakuja na gari dogo la ofisi kutazama. Alipopewa kazi hiyo hakuuliza posho wala pa kulala. Aliuliza kama anaweza kwanza kupita kwa kinyozi.

Nimenyamaza kama ulivyosema. Lakini jina la Maswali ulinipa wewe, na safari hii mwenye swali ni wewe. Muulize.

Maswali


Kituo cha Mafuta
12 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu. Nimemwambia mwenyewe, akasema alishajua tangu nilipomnyima kikombe cha bluu. Magoti yamepona yote mawili kwa kucheka.

Jumanne alikuja. Kinyozi alimnyoa mpaka masikio yalionekana mapya. Chapuchapu akashusha, akapotea. Nusu saa ilipopita, Polepole akatumbukiza fimbo, akaitazama juani, akaandika. Niliona kwa macho yangu alichoandika: imetulia. Nikasema moyoni, kazi imekwisha, sasa ataondoka, na jibu nimelipata. Akafunga kalamu, akaiweka mfukoni, akaenda kukaa kwenye benchi.

Nikaleta chai. Nilikijaza kikombe cha bluu mpaka ikamwagikia sahani. Tukakaa. Wasagaji wakapanga madumu yao wakawa wanatutazama, hata waliokwishajaziwa hawakuondoka. Mchana ukapita. Kivuli kikatuhama, tukalibeba benchi tukakifuata, yeye upande huu mimi upande ule. Tulipokaa tena nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikamwambia yote. Kwamba kanuni niliitunga mimi, kwamba hakuna dizeli duniani inayosubiriwa mpaka alasiri. Nikamwomba radhi kwa siku zote nilizompotezea.

Akakoroga chai iliyokwishakorogwa.

"Mama Kituo," akasema, "mimi nabeba dizeli tangu nywele zangu nyeusi. Nusu saa inatosha. Nilijua siku ile ile ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulizima injini?"

"Nilidhani hujui. Nikawa naogopa, siku mtu akikwambia, nitakosa pa kukaa."

Mwanangu, nilicheka mpaka msichana wa pampu akamwagia petroli kiatu cha mteja, na mteja mwenyewe akawa anacheka.

Ripoti yake iko kwenye bahasha ya pili. Inasema dizeli ya mtambo wako haina kasoro hata chembe, kwa hiyo wakurudishie kiti chako, na wageni waje na mkasi wao. Mwishoni ameongeza kwamba tangi hili linahitaji kuangaliwa kila wiki na mtu mzoefu. Hilo Mama Maabara ataamua.

Barua hii anakuletea yeye, na safari hii nimemsomea yote, tangu mwanzo mpaka hapa. Aliomba niondoe habari ya masikio, nimekataa. Mkaribishe chai, vijiko viwili. Lakini usimkawize. Huku anangojwa.

Shangazi yako